Nani Analipa Gharama ya Ukweli Wetu?



Ndugu zangu, sisi tunaosoma sayansi ya mazingira hapa Kigali tunafundishwa kupima: kina cha maji, udongo unaomomonyoka, idadi ya ndege. Ninalouliza leo ni jambo la kimaadili: mtafiti akishapima sawasawa na kusema kweli, je, amemaliza wajibu wake?

Tutazame Rugezi, ardhioevu iliyoko kaskazini mwa nchi yetu, katika wilaya za Burera na Gicumbi. Maji yake huingia Ziwa Burera, na yakiteremka kutoka humo kwenda Ziwa Ruhondo ndipo yanapoendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mitaro na kukausha sehemu ya Rugezi wapate mashamba, na vilima vinavyoizunguka vikamomonyoka. Mvua nazo zikapungua. Kufikia mwaka 2004 umeme wa Ntaruka ulikuwa umeshuka sana. Nchi ikaingia katika mgawo wa umeme na jenereta za dizeli zikakodiwa.

Serikali ikazuia kilimo ndani ya Rugezi, maji yakarudi, na mwaka 2010 Rwanda ikatunukiwa tuzo ya Green Globe. Vipimo vilikuwa sahihi. Lakini faida ilienea hadi kwetu mjini, na hasara ikabaki kwa mkulima aliyeacha shamba lake kando ya maji.

Wanafikihi wametuwekea kanuni: madhara huondolewa, ila hayaondolewi kwa kumtwika mwingine madhara kama hayo. Kanuni hii haisemi tuiache Rugezi ikauke. Inasema kazi haijaisha mpaka aliyeumia naye aangaliwe.

Atakuwepo wa kusema kwamba mwanasayansi hupima tu, kuamua ni kwa serikali. Neno hilo lina uzito, kwani anayepindisha matokeo kwa huruma amehini amana. Hata hivyo, mtafiti ndiye anayechagua swali. Akiuliza tu kwa nini maji yamepungua, mkulima ataonekana katika ripoti kama chanzo cha tatizo. Akiuliza pia mkulima huyo ataishi vipi, ataonekana kama mtu mwenye haki. Maswali yote mawili ni ya kisayansi, na yote yanahitaji vipimo.

Olivier Nsengimana, daktari wa wanyama Mnyarwanda, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2014 kwa mpango wa kuwaokoa korongo wenye taji, yaani umusambi, waliokuwa wakikamatwa porini na kufugwa majumbani na hotelini. Njia nyepesi ingekuwa kuwashitaki wafugaji. Badala yake waliitwa wawasajilishe ndege wao bila kuadhibiwa. Wenye afya wakapelekwa Hifadhi ya Akagera. Wasioweza kuruka wanatunzwa Umusambi Village, hapa hapa Kigali. Huko Rugezi, shirika lake liliwaajiri wenyeji kuwa walinzi. Sensa ya 2017 iliwakuta korongo hao hawafiki 500 nchini. Kufikia 2023 walikuwa wamepita 1,000.

Ajira hizo haziwezi kufidia kila shamba lililoachwa. Zinaonyesha tu kwamba jirani wa ardhioevu anaweza kuwa mshirika wa utafiti.

Jambo hili haliko mbali nasi. Ardhioevu za Gikondo na Nyabugogo zinarejeshwa katika hali yake, na wapo waliohamishwa mabondeni. Ni kazi ya lazima, kwa kuwa mafuriko yanaua. Kesho ripoti za namna hii tutaziandika sisi. Basi tuandike gharama ya anayehama katika ukurasa ule ule wa faida, na turudi kumsomea matokeo kwa Kinyarwanda anachokielewa. Katika majedwali yetu ataitwa kaya namba fulani. Siku ya Hesabu atakuja kwa jina lake, akidai haki yake.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na atuepushe na dhulma tusiyoiona. Amin.