Mpaka wa Mwanga

Picha iliyorekebishwa ina ukweli gani? Mara nyingi swali hili huulizwa juu ya picha za watu: ngozi iliyolainishwa, kiuno kilichopunguzwa. Nataka kuliuliza juu ya kiumbe kisichojipamba wala kujitetea, yaani mmea, tena mmea uliopigwa picha giza likiingia. Mmea wenyewe ni isale, na mahali ni Marangu, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro.

Isale nimelichagua kwa sababu. Wachaga hulipanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, kati ya migomba na kahawa ya huyu na migomba na kahawa ya yule, na likishashika mizizi huwa shahidi. Hulipanda makaburini pia. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na kulikataa jani hilo ni jambo zito. Basi anayelipiga picha isale anapiga picha ya makubaliano ya watu, yaliyochukua umbo la mmea.

Jioni nayo ina masharti yake. Marangu iko kama digrii 3 kusini mwa ikweta. Jua la huku hushuka karibu wima, na tangu lipotee hadi giza litande ni dakika 20 na kidogo tu. Katika dakika hizo jicho lenyewe hubadilika. Mwanzoni mwa karne ya 19, Jan Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia, alibaini kwamba mwanga ukififia, rangi nyekundu hutangulia kuwa nyeusi, huku buluu na kijani vikibaki hai. Sababu ilijulikana baadaye: chembe za jicho zinazofanya kazi mchana huona vizuri zaidi mwanga wa nanomita 555 hivi, kijani kinachoelekea manjano, na zile za usiku huona vizuri zaidi mwanga wa nanomita 507 hivi, unaoelekea buluu. Ndiyo maana saa ya magharibi buni zilizoiva humezwa na giza mapema, na majani ya isale yakabaki yanaonekana.

Kamera haina jicho la usiku. Simu janja ikikutana na giza hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, huunganisha picha kadhaa, hupunguza ubuluu, kisha inakuletea isale la saa nane mchana. Mwenye simu atasema kwa moyo safi kwamba hakuigusa picha yake. Lakini imeshaguswa, na walioigusa ni wahandisi ambao huenda hawajawahi kuiona Marangu. Kwa hiyo kulinganisha picha iliyoguswa na isiyoguswa hakutufikishi popote. La kuuliza ni nani kaigusa, na akitafuta nini.

Marangu iliwahi kutoa somo juu ya jambo hili kabla ya simu. Kati ya 1892 na 1894 Georg Volkens, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, aliishi hapa kwenye kituo cha utafiti, akikusanya mimea ya mlima na kuikausha kati ya karatasi. Jani lililokaushwa hupoteza rangi, unene na mahali pake. Hata hivyo, kwa anayeuliza huu ni mmea wa aina gani, jani lile ni ushahidi wa kutosha. Kwa anayeuliza jioni ya kihambani ikoje, halina la kusema. Kitu kimoja ni kweli kwa swali hili na bubu kwa swali lile. Picha nayo ni jibu, na jibu halipimwi kabla ya kujua limeulizwa nini.

Lakini yapo majibu yasiyokubalika kwa swali lolote. Tarehe 1 Novemba 1941, Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwezi ukiwa umechomoza na jua likikaribia kuzama. Kutokana na negativu ile moja alichapa nakala zaidi ya elfu moja kwa miaka mingi, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kulitia anga giza, likafikia kuwa karibu jeusi. Mwezi aliuacha ulipokuwa, na misalaba ya makaburini aliiacha ilipokuwa. Mwezi Februari 1982, jarida la National Geographic lilizisogeza karibu piramidi za Giza ili zienee kwenye jalada lake. Adams alibadilisha mwanga. Jarida lilihamisha vitu.

Marangu tofauti hii haihitaji mwalimu. Programu za siku hizi zinaweza kulivuta isale kutoka pembeni hadi katikati kwa kidole kimoja, na picha ikapendeza. Ila isale lililosogezwa ni mpaka uliosogezwa, na kwa kosa la namna hiyo majirani huitana mbele ya wazee.

Je, mwanga basi tuuchezee tupendavyo? Hapana. Magharibi nayo ni mpaka, kati ya mchana na usiku. Ukiangaza mno umeumega usiku. Ukitia giza mno umeumega mchana. Shida ni kwamba mpaka huu haukupandiwa kitu, na mpiga picha peke yake hawezi kuupima. Kumbukumbu yake imejaa: alisikia maji ya mfereji, alinusa moshi wa jikoni, alihisi baridi ikishuka kutoka mlimani. Akiitazama picha anayakuta yote hayo, ilhali hayamo. Hapa ndipo maoni ya wengine yanapokuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Mashahidi wanahitajika wawili. Wa kwanza ni mtu wa kihambani, mathalani bibi aliyeishi na isale lile tangu alipoolewa. Akisema, "Mwanangu, huku bado mchana," rudisha ubuluu, punguza mwanga, acha buni ziwe nyeusi. Wa pili ni mgeni kabisa, labda mtu wa Lindi asiyelijua isale. Akisema, "Naona giza tu, nitazame wapi?" kata ukingo wa anga unaoiba macho, liinue jani kidogo kutoka gizani. Wa kwanza analinda kweli, wa pili analinda uwazi. Mara nyingi watapingana, na kuhariri ni kutafuta mahali ambapo wote wawili wanaweza kusimama.

Mtu anaweza kupinga kwamba watazamaji wengi hupenda rangi zinazowaka, na kwamba tukiwafuata, jioni zote za dunia zitafanana. Hofu hiyo ni ya haki, lakini inachanganya sifa na ushahidi. Mpaka ukigombaniwa hatuhesabu wapita njia. Tunawaita waliokuwepo ulipopandwa, na mtu baki asiye na upande. Watu elfu waliovutiwa wametueleza habari za ladha yao, na habari za isale bado hatujazisikia.

Kwa hiyo nashikilia hivi: picha huboreka kadiri inavyoacha kuwa kumbukumbu ya mtu mmoja na kuwa jambo ambalo wengine wanaweza kulithibitisha. Hilo lina masharti. Tunza faili la mwanzo, sema wazi ulichobadilisha, na usihamishe kilichopandwa. Kisha, unapoomba maoni, acha kuuliza kama imependeza. Uliza: hapa ni saa ngapi, na mmea huu unafanya nini hapa? Majibu ya bibi na ya mgeni yakikaribiana, picha imefika. Yakiachana sana, bado una kazi, na sasa unajua ianzie wapi.