Uamuzi Hufanywa Kabla ya Meli

Maandiko: Danieli 1:8-16, Luka 14:28-30



Kuna swali ambalo vijana huniletea karibu kila Jumapili baada ya ibada: "Pasta, mtu aliyeokoka anaweza kutazama sinema?" Wengine huuliza wakicheka, lakini jibu wanalitaka. Wazee wetu walisema hapana, na walikuwa na sababu. Sinema waliyoijua ni ile ya kibanda cha video pale sokoni: giza, moshi wa sigara, na watoto waliotoroka shule. Siku hizi kibanda hicho kimehamia mfukoni. Baba ana simu yake, mama ana yake, kijana ameziba masikio kule chumbani, na hakuna anayejua mwenzake anatazama nini.

Kwa hivyo mimi huwajibu kwa maswali mawili. Unatazama na nani? Na ikiisha, mnaongea nini?

Ijumaa ya mwisho wa mwezi kikundi chetu cha nyumbani hukutana kwetu. Tunaomba, tunakunywa chai, tunatazama filamu moja, ya zamani au mpya, halafu runinga inazimwa tunaongea. Mke wangu huitazama kwanza. Huangalia pia alama ya KFCB, kama ni GE, PG, 16 au 18, kwa sababu watoto huwa hapo. Leo nataka kuwaeleza tulichojifunza katika vikao hivyo.

1. Tazameni pamoja

Tulianza na filamu ya hapa kwetu Kenya, Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina mwaka 2018. Ni habari ya Jo, msichana wa miaka 9 aliye na ugonjwa usiopona. Anapenda sana sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitalini amlete nyumbani, amkinge na kila kitu. Dada yake anataka Jo aishi siku zilizobaki. Mwishowe kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake.

Ilipoisha hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mama mmoja, ambaye amekuwa nasi miaka mingi, akaanza kuongea juu ya mtoto wake aliyefariki. Wengi wetu hatukuwa tunajua kwamba alikuwa na mtoto huyo. Tulikuwa tumeomba naye, tumefunga naye, tumekula naye, na hatukujua. Usiku huo hatukuhubiri. Tulimsikiliza hadi karibu saa tano.

Nabii Nathani aliielewa njia hii. Alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza na mashtaka. Alianza na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, na Daudi akatoa hukumu kabla hajagundua kwamba kisa ni chake (2 Samweli 12). Hadithi hupita mahali ambapo maneno makavu hugonga mlango na kurudi. Lakini Nathani alikuwa amesimama pale pale, tayari kwa mazungumzo. Hadithi bila Nathani hukuacha ukifuta machozi na kubonyeza nyingine.

2. Tazameni tena

Filamu ya pili ni ya zamani, na mimi nilikuwa nimeiona tayari: Chariots of Fire, ya mwaka 1981, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa chuo kikuu nikisomea biashara, na nilichokumbuka ni wale vijana wakikimbia ufuoni kwa muziki. Ukiirudia filamu baada ya miaka, picha ni zile zile, ila wewe sasa unalipa kodi ya nyumba, una mke, una watu wanaokutegemea. Unaona vitu vingine.

Ni habari ya Eric Liddell, Mskoti aliyezaliwa China na wazazi wamishonari. Alikuwa mkimbiaji hodari wa mita 100, na Olimpiki ya Paris mwaka 1924 ilikuwa inamngoja. Katika filamu, anapopanda meli kwenda Ufaransa, mwandishi wa habari anamwambia kwamba mbio za mchujo ni Jumapili. Uso unambadilika. Anakataa kukimbia siku ya Bwana. Wakubwa wanamwita, mwana wa mfalme akiwemo, wanambembeleza na kumbana. Hakubali. Halafu anaingia mwanariadha mwenzake, Bwana Lindsay, ambaye tayari ana medali yake. Anasema, chukua nafasi yangu katika mita 400. Liddell anakimbia na kushinda dhahabu.

Safari hii tukasimamisha hapo kwenye meli, maana nilikuwa nimesoma maisha ya Liddell na jambo hilo halikutukia hivyo. Ratiba ilijulikana miezi kadhaa mapema. Liddell alikataa akiwa kwao, bila kamera na bila mwana wa mfalme, kisha akaanza mazoezi ya mita 400. Tarehe 11 Julai 1924 alishinda kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia. Waliotengeneza filamu waliuhamishia uamuzi melini kwa sababu sinema inapenda dakika ya mwisho.

Wapendwa, hata sisi tunaipenda dakika ya mwisho. Tunasema, "Siku ikifika Roho atanipa la kusema." Lakini Danieli alikata shauri moyoni kwanza, ndipo akaenda kuomba ruhusa. Hakumwaga chakula cha mfalme wala kugombana. Alikwenda kwa heshima akiwa na pendekezo mkononi: tupeni mboga na maji siku 10, kisha mtuangalie. Huyo ni mtu aliyekaa chini akafikiria. Na Bwana Yesu katika Luka 14 anatufundisha kwamba anayejenga mnara hukaa kwanza akapiga hesabu ya gharama. Kule chuoni walitufundisha bajeti kwa muhula mzima, na Bwana alikuwa ameisema katika aya tatu.

3. Ikiisha, ulizeni swali gumu

Runinga ilipozimwa, kijana mmoja alinyamaza hadi wengine wakaondoka. Ameniruhusu niseme habari zake bila jina.

Alikuwa akifanya kazi ya stoo katika kampuni fulani. Mkubwa wake alikuwa ameanza kumtaka atie sahihi kwamba mzigo umefika wote wakati haujafika wote. Yameingia magunia 140, yeye aandike 200. Akaniambia, "Pasta, huyu Liddell alikuwa mtu maarufu. Mimi nikikataa, Jumatatu kuna mwingine kwa kiti changu. Na mwenye ploti hataki kusikia habari za Danieli."

Sikumjibu kwa aya. Nilimuuliza amekuwa akifanya nini hadi sasa. Akasema kila asubuhi anaomba mkubwa wake asimwite. Nikamwambia, ndugu yangu, huko ni kungoja meli. Yale magunia 60 ambayo hayapo yanalipwa na mtu, na pesa zinaingia mfuko wa mtu. Siku wakaguzi watakapokuja, karatasi haitasema uliambiwa na nani. Itaonyesha sahihi ni ya nani.

Tukachukua daftari. Kodi, chakula, nauli, karo ya mdogo wake. Akiba yake yote ingemfikisha wiki 6. Tuliandika hivyo hivyo, wiki 6, bila kuipamba. Kisha tukaandika maneno ambayo angesema, kwa heshima kama Danieli: "Nitaandika nilichohesabu. Yaliyobaki yakifika, nitayaandika siku hiyo." Tukaomba, akaenda nyumbani akiwa ameshaamua.

Aliitwa wiki iliyofuata. Alisema maneno yale. Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa.

Najua mnangoja niseme kwamba siku ya tatu alipigiwa simu na kampuni kubwa zaidi. Sitasema, kwa sababu haijatokea. Kwa sasa anasaidia katika duka la vifaa vya ujenzi siku tatu kwa wiki. Anaamini, na anakonda. Mtu asije hapa akamwambia kwamba labda hakuomba vizuri.

Hata Liddell, maisha yake hayakuishia kwenye dhahabu. Mwaka 1925 alirudi China kuwa mmishonari. Vita vilipokuja alimtuma mkewe mjamzito Canada pamoja na binti zao wawili. Binti wa tatu hakumwona kamwe. Alifungiwa katika kambi ya Wajapani huko Weihsien, na akafia humo tarehe 21 Februari 1945 akiwa na miaka 43, miezi michache kabla kambi haijafunguliwa. Filamu inayataja hayo kwa maandishi machache tu mwishoni. Imani yetu haina budi kuyatazama mpaka mwisho, kwa maana tunamfuata Bwana ambaye njia yake ilipitia msalabani.

Sasa rudini kwa yule Bwana Lindsay. Katika historia hakuna mtu aliyeingia chumbani siku hiyo na kumpa Liddell nafasi yake. Filamu ilimbuni. Lakini nilipoirudia filamu, ni yeye aliyenichoma kuliko wote. Tayari alikuwa na medali, akaona mwenzake anasimama na Mungu na anakaribia kukosa yote, akamwachia nafasi.

Watunga sinema walijua kwamba mtu kama huyo anapaswa kuwepo. Je, katika kanisa hili yupo? Tunapiga makofi mtu akishuhudia kwamba alikataa hongo. Jumatatu anaenda kutafuta kazi peke yake. Miongoni mwetu wako wenye biashara, wako wanaoajiri, wako wenye nyumba za kupangisha. Medali mnayo. Kikundi chetu kimemlipia kijana huyu kodi ya mwezi mmoja, na si jambo la kujisifu, kwa maana mwezi ni siku 30 tu. Ukiwa na kazi ya stoo, ya hesabu, ya kuaminika, njoo uniambie kabla hujaondoka leo.

Na wiki hii, nyumbani kwako, fanya hivi. Chagua filamu moja njema mliyowahi kuiona. Weka simu zote kwenye sahani mezani. Itazameni pamoja, kisha muulizane: ni jambo gani ambalo kila mmoja wetu anajua litamfikia, na hajaliamua? Mwanao huenda ana lake. Mkeo pia. Liamueni mkiwa kwenye kochi, kabla mtu hajafika bandarini.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, tupe moyo wa Danieli ulioamua mapema. Wakumbuke waliosimama kweli kisha wakapoteza mkate, na utufanye sisi kuwa sehemu ya jibu la maombi yao. Amina.