Chukua Makinda, Mwache Mama

Somo letu ni Kumbukumbu la Torati 22:6-7.

Nimeulizwa mara nyingi: je, Mkristo anayepasua mbao anatenda dhambi? Wengine wanasema kila mti unaokatwa ni laana. Wengine wanasema Mungu alitupa miti, basi tukate tu.

Mimi naona pande zote mbili hazijasoma vizuri. Hekalu la Sulemani lilijengwa kwa mierezi ya Lebanoni. Hata benchi unalokalia ibadani lilikuwa mti. Lakini katika somo letu, anayekuta kiota anaruhusiwa kuchukua makinda, na mama yao amwache aende. Yaani kula, lakini usiue kile kinachozaa.

Hebu tupige hesabu. Mti wa saipresi huchukua kama miaka 30 kukomaa kwa mbao. Gawa msitu wa kupandwa mafungu 30, kata fungu moja kila mwaka na ulipande tena mara moja. Msitu hautaisha. Lakini ukikata mafungu mawili kwa mwaka, mwaka wa 15 umemaliza, na miche uliyoanza nayo haijafika hata nusu ya safari kwa kupita. Shoka ni lile lile. Kilichozidi ni tamaa.

Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na Julai 2023 Rais akatangaza kuiondoa. Katikati hapo ndugu wengi wa viwanda vya mbao walikosa kazi. Siwezi kuwaambia kwamba njaa ya watoto wao si kitu. Ila marufuku hufunga lango la msitu tu, moyo haiufungi.

Sasa sikia jambo zito. Mwenye miaka 50 akipanda saipresi leo, huenda asiuone ukiwa mbao. Atakayeukata pengine bado hajazaliwa. Huyo naye ni jirani yako, na hawezi kukulalamikia wala kukushtaki. Kama unampenda tu jirani anayekuona, je, huo ni upendo ama ni kuogopa macho ya watu?

Kwa hivyo, ndugu mwenye msumeno, fanya kazi yako. Lakini miche iwe tayari kabla ya kukata. Kingo za mto usiziguse. Na ile miti mikubwa ya asili inayodondosha mbegu, hiyo ndiyo mama. Iache isimame.

Mungu awabariki.