Kungoja na Kungojeshwa: Msimu wa Pili wa Kaguya-sama

Swali hili huulizwa sana na watazamaji wa anime za mapenzi na vichekesho: nimemaliza msimu wa kwanza, nimecheka, nimefurahi, je, niendelee na wa pili au niishie hapa? Linaonekana swali dogo, la mtu anayetafuta cha kufanya wikiendi. Mimi naliona ni swali la maadili. Anayeuliza anataka kujua kama hadithi iliyomsubirisha itamlipa kwa kusubiri kwake, au itamsubirisha tena. Na hilo hatuziulizi hadithi tu. Tunawauliza hata watu.

Nitalijibu kwa mfano mmoja, Kaguya-sama: Love Is War, iliyotokana na manga ya Aka Akasaka. Msimu wa kwanza ulirushwa mwanzoni mwa 2019, wa pili ukatoka Aprili mpaka Juni 2020, kila mmoja una sehemu 12. Nakuonya mapema kwamba nitaeleza mambo yanayotokea, hata yale makubwa. Kama hupendi kuondolewa utamu, katazame kwanza halafu urudi.

Kwa asiyeijua, hadithi iko hivi. Kuna shule inaitwa Shuchiin, ya watoto wa wakubwa. Kaguya Shinomiya ni binti wa ukoo tajiri kupindukia na ni makamu wa rais wa baraza la wanafunzi. Rais ni Miyuki Shirogane, mtoto wa familia isiyo na kitu, aliyefika pale kwa kusoma usiku kucha. Wanapendana, na kila anayewatazama anaona. Ila kila mmoja ameshaamini kwamba atakayetamka kwanza ndiye atakayekuwa ameshindwa. Basi kila kitu kinageuka vita: tiketi za sinema, mwavuli siku ya mvua, hata chakula cha mchana. Huyu anatega, yule anategua, na mwisho wa kila pambano msimulizi anatutangazia nani kashinda na nani kashindwa.

Sisi watu wa Pwani tunaanza kucheka mapema, kwa sababu tuna methali yetu: mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawa wawili wanabana kikohozi sehemu 12 nzima! Na usidhani ni mambo ya Wajapani. Hapa Kigamboni ninapoishi, panda pantoni jioni usikilize vijana wanavyoshauriana. Usimtumie meseji wewe kwanza. Akikuandikia, kaa nusu saa ndipo ujibu. Akijua unampenda atakupanda kichwani. Ni vita ileile, tofauti ni kwamba hakuna msimulizi wa kutangaza matokeo.

Wazee waliliona tatizo hili zamani wakalitafutia dawa, nayo ni mshenga. Tunazoea kumwona mshenga kama tarishi wa posa na mahari, lakini kazi yake kubwa ni kubeba aibu. Yeye ndiye anayetamka neno la kwanza. Jibu likiwa ndiyo, wote wamepata. Likiwa hapana, hapana hiyo imemwangukia mshenga, na kijana anaweza kukutana na wazazi wa binti kesho yake akawaamkia bila kuinamisha uso. Kwenye Kaguya-sama aliye karibu na mshenga ni Ai Hayasaka, msichana anayemtumikia Kaguya. Maskini, badala ya kutumwa kupeleka neno, anatumwa kusaidia kutega mitego. Ndiyo maana muda mwingi anaonekana amechoka, na mtazamaji anachoka pamoja naye.

Sasa, hoja ya wanaosema msimu wa pili hauna maana si ya kubeza. Msimu wa kwanza unaisha bila mtu kutamka. Wa pili nao unaisha bila mtu kutamka. Nimekwambia mapema usije ukanilaumu. Kilele chenyewe kinakuja mwishoni mwa msimu wa tatu, mwaka 2022. Ukichukua dakika 23 kwa kila sehemu, msimu wa pili unakula zaidi ya saa nne na nusu za maisha yako, na lile uliloahidiwa hulipati.

Tena ziko kazi ambazo lawama hiyo inazistahili. Chukua Rent-a-Girlfriend. Kijana aitwaye Kazuya anaachwa na mpenzi wake, anakodi msichana kwa pesa wa kuigiza kuwa mpenzi, kisha anampenda kweli yule wa kukodi. Wazo linachekesha na lina uchungu ndani yake. Msimu wa kwanza ulikuja 2020, wa pili 2022, wa tatu 2023, na kila Kazuya anapokaribia kusema neno linazuka jambo la kumrudisha alikotoka. Hapo mtu ana haki ya kuuliza: nani anafaidika na kuchelewa huku?

Kiswahili kinatusaidia kutofautisha. Kuna kungoja, na kuna kungojeshwa. Anayengoja anajua anangoja nini na kwa nini, na kungoja kwenyewe kuna kitu kinampa. Anayengojeshwa, sababu iko mikononi mwa mtu mwingine, naye haambiwi. Kwa nje wote wawili wamekaa tu kwenye benchi, ndiyo maana ni rahisi kuwachanganya.

Nina binti wa shangazi yangu ambaye ana mchumba wa miaka sita. Kila mwaka una sababu yake: ngoja kwanza nimalizie kiwanja, ngoja mama apate nafuu, ngoja huu mwaka mbaya upite. Siku moja akaniuliza, "Kaka, wewe si unaandika mambo ya watu kila siku? Hebu niambie, nisubiri?" Sikuwa na jibu la ndiyo wala hapana, na sidhani kama ilikuwa kazi yangu kuwa nalo. Nilimuuliza tu, "Katika miaka hii sita, leo unamjua zaidi ya ulivyomjua mwaka wa kwanza?" Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Namjua vilevile, kaka. Utani ni uleule. Kinachobadilika ni sababu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikitumia kipimo hicho hata kwa hadithi. Sitazami kama wapenzi wameoana au wamebusiana. Natazama kama kuchelewa kwao kunanifunulia mtu ambaye sikumjua, au kunanirudishia utani uleule kwa sababu mpya. Wasomaji wa Elvis Musiba hawakulalamika Willy Gamba aliporudi, wala wa Ben Mtobwa hawakuchoka na Joram Kiango, kwa sababu kila kitabu kilikuja na kesi yake. Hadithi ya mapenzi haina bahati hiyo. Kesi ni ileile moja, kwa hiyo kama wahusika hawaongezeki kina, hakuna kinachobaki.

Kwa kipimo hicho, msimu wa pili wa Kaguya-sama unapita, na unapita kwa kishindo.

Katikati ya msimu kuna uchaguzi wa baraza. Shirogane anapambana na Miko Iino, msichana wa mwaka wa kwanza mwenye msimamo mkali wa sheria na nidhamu. Iino ana hoja, lakini akisimama mbele ya umati anatetemeka, sauti inakatika, watu wanamcheka. Shirogane angeweza kukaa kimya akala ushindi wa bure. Hafanyi hivyo. Anaingia naye kwenye mjadala, anambana kwa maswali mpaka Iino anasahau umati na kuanza kusema anachokiamini. Kicheko kinakufa. Shirogane anashinda, lakini kwa tofauti ndogo, na Iino anaondoka jukwaani watu wakimheshimu. Msimu wa kwanza ulituambia Kaguya anampenda huyu kijana. Hapa ndipo tunaonyeshwa kwa nini anastahili kupendwa.

Halafu kuna Yu Ishigami, mhazini wa baraza. Msimu wa kwanza alikuwa wa kuchekesha tu, kijana mnyong'onyevu anayetaka kurudi nyumbani mapema. Mwishoni mwa msimu wa pili, siku ya michezo ya shule, tunaelezwa yaliyompata alipokuwa madarasa ya chini. Aligundua kwamba mvulana mmoja anamdanganya msichana wa darasani kwao na ana nia mbaya naye. Akamkabili, wakaishia kupigana mbele ya wenzao. Yule mvulana akageuza maneno: huyu Ishigami anamtaka mpenzi wangu, anamfuatafuata. Darasa likaamini. Msichana mwenyewe akaamini. Ishigami hakuweza kusema ukweli, maana kuusema kungemweka yule msichana hatarini. Akasimamishwa shule na kutakiwa aandike barua ya kuomba radhi. Akakaa na karatasi siku baada ya siku, na hakuandika.

Msichana hakudhurika, na anamchukia aliyemwokoa mpaka leo.

Waswahili tunasema, tenda wema nenda zako, usingoje shukurani. Nimeisikia methali hii tangu utotoni na nilidhani naijua. Ishigami amenifanya niisikilize upya. Inamwambia mtenda wema aende zake, lakini haisemi huyo aliyekwenda na jina lililochafuka analala vipi usiku. Kazi yangu ni habari. Najua jina la mtu linavyochafuka kwa asubuhi moja na kusafishwa kwa miaka, kama linasafishwa kabisa. Methali inamwambia mtenda asingoje shukurani. Haikutuambia sisi tunaotazama tusishukuru.

Wanachofanya wenzake wa baraza ndicho kilichonishika. Hawaendi kutangaza ukweli shule nzima, kwa sababu hilo lingeharibu kile alichokilinda. Wanachimba wenyewe mpaka wanaujua, kisha Shirogane anakwenda nyumbani kwake, anamwambia hakukosea, na juu ya karatasi ile ya radhi anaandika jibu lililomfaa yule mwongo. Watu wachache tu wanajua. Na hao wachache wanatosha kumtoa kijana chumbani na kumrudisha shuleni.

Sasa rudi kwa wapenzi wetu wawili. Msimu mzima wa kwanza walikuwa wanaogopa kushindwa, na kushindwa kwao maana yake ilikuwa kutangulia kusema nakupenda. Ukishamwona Ishigami, ambaye alikubali kushindwa mbele ya kila mtu ili mwingine abaki salama, neno hilo halibaki na maana yake ya zamani. Kiburi chao kinaanza kuonekana kidogo, na nadhani wao pia wanaanza kukiona. Bado hawajatamka, lakini hawako pale walipokuwa. Huku ndiko kungoja ninakokutetea.

Sisemi kila dakika ni dhahabu. Kuna vichekesho vinavyorudia mitego ya zamani, na kuna sehemu nilizitazama huku napasi nguo bila kupoteza chochote. Ukifika mwisho wa uchaguzi hujaguswa, acha, hutakuwa umekosea. Muda ni wako. Ila kama Iino alikufanya ukae vizuri kwenye kiti, usikate kabla ya sehemu ya 11.

Na kwa yule anayengoja mtu badala ya hadithi, kipimo ni kilekile. Usihesabu miaka peke yake. Jiulize ndani ya miaka hiyo umeonyeshwa nini, na kama jibu ni sababu tu, basi hata mshenga hana cha kubeba.