Cha Mgeni Aliyetangulia

Friji ya nyumba ya kukodi huwa na vitu vilevile, uwe Jambiani, Diani au Bagamoyo. Chupa ya mafuta ya zeituni iliyobaki robo. Siagi ya karanga. Nusu pakiti ya tambi iliyofungwa kwa raba. Mayai mawili matatu, limau lililokauka upande mmoja, kipande cha jibini, asali. Aliyeviacha alikuwa anawahi ndege, na kwenye ndege huingii na chupa ya zaidi ya mililita 100 mkononi, wala nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri kuingia na nyama au jibini kutoka huku kwetu. Kwa hiyo anaacha. Wengine huacha kwa moyo mweupe, na kikaratasi chenye uso unaocheka. Wengine huacha tu, kama mtu anavyoacha taa inawaka.

Wewe unayefuata, ule au usile? Watu wengi ninaowajua hulijibu swali hili kwa pua: wanafungua kopo, wananusa, wanaamua. Mimi naona pua inakuja baadaye. Kwanza kuna swali la chakula hiki ni cha nani, na hilo halinuki.

Kiswahili kina maneno mengi ya chakula kilichobaki, na hayalingani uzito. Kiporo ni cha jana kilichowekwa kwa nia. Wali wa kiporo na chai ya rangi asubuhi una wapenzi wake, nami nimo. Watu wa pwani walikiita pia mwiku, au bariyo. Makombo ni kitu kingine: ni yaliyobaki sahanini baada ya mkono wa mtu kupita, na ukimpa mtu makombo umemwambia cheo chake bila kufungua mdomo. Wali unaweza kuwa uleule, sufuria ileile. Kinachotofautisha ni kama aliyeubakiza alikuwa na wewe moyoni. Chakula cha friji ya kukodi kinakaa katikati hapo, kwa kuwa aliyekiacha simjui na hakunijua.

Tena sote wawili ni wageni. Lugha yetu haitofautishi mtu usiyemjua na mtu uliyemkaribisha; wote ni mgeni, na kinachomtoa mtu kwenye maana ya kwanza kumpeleka kwenye ya pili ni neno karibu. Ndilo linalohalalisha chakula cha wengine. Ukiwapita watu wanakula barazani wanakuambia karibu, na hata ukijibu umeshiba, neno limeshafanya kazi yake. Katika nyumba ya kukodi hakuna wa kulisema. Mwenye nyumba yuko kwenye simu, ametuma namba za kufungulia mlango na neno la siri la intaneti. Mgeni aliyetangulia yuko angani. Unasimama mbele ya friji la mtu asiyekuwepo, lenye chakula cha mtu mwingine asiyekuwepo.

Bibi yangu asingegusa kitu humo. Kizazi chake kiliogopa kulishwa: sumu, limbwata, dawa za watu. Sisi tuliosoma tunacheka, lakini ndani ya woga ule naona busara moja, kwamba ule pale ambapo kuna mtu wa kukijibia chakula. Sumu ya siku hizi haina hata mwenye nia mbaya. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kinachoharibika kikae chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisizidi saa 2 nje. Friji haisimulii iliyopitia. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa tena miezi mitatu. Leo si hivyo, lakini umeme bado hukatika, na wapo wenye nyumba wanaozima swichi kuu wageni wakiondoka ili kuokoa yuniti. Siku nne nyumba imezimwa, asubuhi ya siku unayofika inawashwa, na wewe unakuta kila kitu kimepoa kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo maziwa yaliyofunguliwa, hapana. Wali uliopikwa, hapana kabisa: kuna bakteria wa kwenye wali ambaye sumu yake haifi hata ukiupasha moto upya. Asali, chumvi, sukari na tambi kavu havina neno. Hapo pua imemaliza kazi yake.

Kuna mafundisho mawili ya zamani ninayoyarudia kila nikisimama mbele ya friji za namna hii. La kwanza ni la Waislamu, kuhusu kitu kilichookotwa. Mtume aliulizwa habari ya kondoo aliyepotea, akajibu kwamba huyo ni wako, au wa ndugu yako, au wa mbwa mwitu. Akaulizwa kuhusu ngamia, akakasirika: una nini naye? Ana miguu yake na ana maji yake, mwache hadi mwenyewe ampate. Naipenda tofauti hii kwa sababu haiulizi thamani ya kitu. Inauliza kama kitu kinaweza kusubiri. Papai lililokatwa ni kondoo. Usipolila wewe atalila mwingine, au kunguru, ambao ndio mbwa mwitu wa Unguja. Asali ni ngamia. Haina haraka na mtu.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, wakaongeza jambo linalonisumbua zaidi: aliyeokota chakula kinachoharibika anaweza kukila, lakini anabaki na deni la thamani yake endapo mwenyewe atatokea. Ale, lakini asijione amepewa. Utasema vya kwenye friji havikupotea, vimeachwa kwa makusudi, na mwenyewe hatarudi kutoka Milano kudai limau. Ni kweli. Lakini aliyeacha kitu kwa makusudi amekiacha kwa nani? Kwa yeyote atakayefungua mlango, na anayefungua mlango kwanza si mimi.

Hapa ndipo fundisho la pili linapoingia. Mambo ya Walawi inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni na kuokota masazo. Aviache kwa maskini na mgeni. Kwa sheria hiyo Ruthu, mjane na mgeni, aliokota masuke katika shamba la Boazi. Maskini na mgeni wametajwa kwa pumzi moja kwa kuwa katika dunia ile mgeni hakuwa na ardhi, akawa maskini pia. Utalii umewatenganisha. Mgeni sasa ndiye mwenye pesa, na maskini ndiye anayemtandikia kitanda. Wote wawili wanafika kwenye pembe ileile ya shamba, mmoja na begi la magurudumu, mwingine na ndoo.

Jambiani nilikaa wiki moja katika nyumba iliyosafishwa na mama mmoja wa makamo ambaye asubuhi za maji kupwa alikuwa kwenye mwani, kama wanawake wengi wa ufuo ule, na mchana akaja kwetu. Siku ya pili nilimuuliza vile vya kwenye friji ni vya nani.

“Wenyewe washavisusa, mwanangu,” alisema. “Kula.”

“Nisipokula mimi?”

Alipangusa meza kidogo kwanza. “Nisipovikuta nitajua umekula.”

Kususa ni neno zito kuliko kuacha. Anayesusa ana ghadhabu, au ana kingi. Lakini jibu la pili ndilo lililokaa kichwani mwangu. Alikuwa ameshahesabu. Nilipodadisi zaidi nikaambiwa tambi huenda kwa mkwewe, mafuta hubaki nyumbani kwake, na siagi ya karanga watoto hugombania. Jibini hampi mtu, linanuka. Nyama ya makopo haigusi kwa kuwa hajui ni ya mnyama gani na kachinjwa vipi, na chupa za mvinyo humwita kijana wa bustani azitoe kwa sababu yeye hata kuzishika hataki. Kila wageni wakiondoka kuna kitu, na hicho kitu, ingawa hakimo katika mshahara, anakitegemea.

Kwa hiyo nikila tambi zile, simli mtalii wa Milano. Namla mkwewe mama yule. Nilifika na pesa ya kununua tambi dukani, hatua 200 kutoka pale. Najua wapo watakaosema nachafua jambo dogo kwa siasa, na kwamba kula kilichoachwa ni kupunguza utupaji. Umoja wa Mataifa ulikadiria tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022, nyingi zikitoka majumbani. Hoja hiyo ina nguvu mahali ambapo kisicholiwa na mgeni kinaishia jaani. Katika ghorofa la Berlin au Chicago ambako kampuni ya usafi inaamriwa kumwaga kila kilichofunguliwa, ningekula bila kuuliza mtu, na ningekula hata haradali. Pwani yetu si hivyo. Huku jaa ni la mwisho kwenye foleni, na mimi nilikuwa nataka kuingia katikati ya foleni.

Sitaki pia kumfanya mama yule mtakatifu wa masazo. Furaha ya mtalii anayeacha nusu mkate akidhani ametoa bakshishi inaniudhi, kwa sababu mkate uliokatwa haulipi ada ya shule, na kikaratasi chenye uso unaocheka hakisemi ni cha nani. Na hapo kuna hatari ambayo mgeni haioni. Katika nyumba ile mlinzi alikuwa na amri ya kukagua mfuko wa kila mfanyakazi anayetoka. Kilichoachwa bila neno, kikiwa mkononi mwangu ni uungwana wa kutotupa. Kikiwa mfukoni mwake kinaweza kuwa wizi.

Siku ya kuondoka nilinunua unga, mchele na mafuta vipya, nikaviweka mezani pamoja na tambi, asali na siagi ya karanga ambavyo sikuvigusa. Mayai nilikuwa nimekula. Hayo yalikuwa kondoo. Pesa nilimpa mkononi. Kisha nikaandika karatasi kwa Kiswahili, yenye tarehe, jina langu na namba ya simu, nikaorodhesha kila kitu hadi limau, na kusema nimempa yeye. Nikiwa nangoja teksi nilimwona akifika getini na mfuko. Mlinzi aliisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, halafu akatoa simu kumpigia mwenye nyumba.