Mgeni Katika Nyumba ya Kupanga

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinamalizika katika nyumba ya kupanga. Mtakatifu Paulo aliletwa Roma akiwa mfungwa, naye akakaa humo miaka miwili, yapata mwaka 60 hadi 62, akilindwa na askari, na nyumba akailipa kwa mali yake mwenyewe. Jina la mwenye nyumba halikuandikwa, wala mtaa haukutajwa. Lakini habari za mji wenyewe zajulikana vema. Maskini na wageni wa Roma walisongamana katika majumba ya ghorofa nyingi, na kadiri mtu alivyokosa fedha ndivyo alivyopanda ngazi kwenda kulala juu zaidi. Majumba hayo yaliungua na kubomoka mara nyingi, hata Kaisari Augusto akakataza yasijengwe kupita futi 70 za Kirumi, yaani kama mita 20. Ndio mji ambamo Mtume wa Mataifa alitafuta mlango wa kuingia na fedha ya kuulipia.

Tena yafaa kutazama jambo alilolifanya kwanza. Zilipopita siku tatu aliwaita wakubwa wa Wayahudi waliokaa Roma, akawaeleza wazi yeye ni nani, ametoka wapi, na kwa nini amefungwa mnyororo. Hakungoja wasikie habari zake kwa vinywa vya watu wengine.

Wana wa Butembo na wa Beni nao ni wasafiri. Wafanyabiashara wao wanajulikana Kampala na Nairobi, hata Dubai na Guangzhou huko China. Wengine hawakuondoka kwa ajili ya biashara, bali kwa hofu, tangu mauaji yalipoanza kuizunguka Beni mwezi wa Oktoba 2014. Njia ya wengi ni ile ya Kasindi. Ng'ambo ya mpaka, pale Mpondwe, msafiri bado hajawa mgeni kabisa, kwa maana Wakonzo wa upande ule husema lugha iliyo karibu sana na Kinande, na mlima Ruwenzori ni wao wote. Lakini akiisha kupita Kasese maneno hubadilika. Kampala watu husema Kiganda, na Kiswahili alichokitegemea njiani wazee wengine wa huko hukisikia kama lugha ya askari. Hapo ndipo mtu aliyekuwa na jina kijijini kwake hugundua kwamba hana jina tena.

Siku za kwanza hulala kwa ndugu. Lakini wahenga walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Na mjini hakuna shamba la kumwonyesha, kuna chumba kimoja chenye watu sita. Serikali ya Uganda huwapa wakimbizi wengi mahali pa kukaa katika makambi ya mashamba, kama Nakivale na Kyaka II. Anayechagua kukaa Kampala kwa kawaida hujitegemea, na nyumba huilipa kwa mali yake mwenyewe, kama Paulo. Basi hutafuta chumba kimoja katika safu ya vyumba vinavyofanana, vyenye choo kimoja cha watu wote. Chumba cha namna hiyo Waganda hukiita muzigo. Mnande akisikia neno hilo hucheka kidogo, kwa sababu kwa Kiswahili mzigo ni kitu cha kubebwa kichwani. Lakini mwisho wa mwezi huona kwamba jina si baya.

Adui wa kwanza wa mgeni ni haraka. Amefika jioni, amechoka, watoto wanalia, na dalali, yule ambaye Butembo huitwa komisioneri, anamwambia kwamba watu watatu wengine wanakitaka chumba hicho hicho na wanakuja asubuhi. Mgeni hutoa fedha gizani. Asubuhi dalali haonekani, na mwenye chumba ni mtu mwingine kabisa, asiyejua habari yoyote ya fedha ile. Kisa hiki kimewapata wengi, wala si wajinga tu.

Maandiko Matakatifu yana mgeni mwingine aliyefanya vingine. Abrahamu alipofiwa na mkewe Sara huko Hebroni, hakuwa na hata mahali pa kumzika. Aliwaambia Wahiti waziwazi kwamba yeye kwao ni mgeni na mpita njia. Efroni, mwenye shamba, akamjibu mbele ya watu kwamba atampa bure. Maneno matamu! Lakini Abrahamu aliijua dunia. Kitu cha bure kwa mgeni leo chaweza kuwa ugomvi kwa wanawe kesho. Aliuliza bei, akaambiwa shekeli 400 za fedha, akazipima mbele ya watu wote waliokuwa langoni mwa mji. Nayo maandiko yakataja kila kitu kilichouzwa: shamba, na pango lililomo, na miti iliyosimama mipakani pande zote. Hata miti! Mtu akisoma sura ile asidhani ni maneno ya biashara tu yaliyopotea njia yakaingia katika kitabu kitakatifu. Baba wa waamini wote alimwamini Mungu aliyemwahidia nchi nzima, na bado alilipia kaburi moja mbele ya mashahidi.

Basi anayetaka chumba na akitazame mchana, na kama aweza, siku ya mvua. Mitaa ya chini ya Kampala kama Bwaise hufurika maji, na chumba chake ni rahisi kwa sababu hiyo hiyo. Aulize maji yanatekwa wapi, choo ni cha watu wangapi, umeme unalipwa na nani. Amtafute mwenye nyumba mwenyewe, na wapangaji wa zamani, ambao kwa kawaida husema kweli kuliko dalali. Fedha azihesabu mbele ya shahidi, apewe karatasi yenye tarehe na jina. Sheria ya Uganda ya mwaka 2022 juu ya wenye nyumba na wapangaji yaagiza mapatano yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yaandikwe. Wala mpangaji hafukuzwi pasipo amri ya korti. Mwenye chumba cha bei ndogo asifikiri kwamba karatasi haimhusu, maana yeye ndiye asiye na fedha ya kulipa mara ya pili.

Lakini mgeni naye anayo makosa yake. Kuna anayemwambia mwenye nyumba kwamba yuko peke yake, na baada ya juma moja ndugu watano wanalala sakafuni. Kuna anayeficha jina lake na nchi yake. Kuna anayekaa miezi minne bila kulipa, akiahidi kila Jumamosi, kisha usiku anafunga magodoro na kutoweka. Huyo husema moyoni kwamba mwenye nyumba ni tajiri. Amri ya saba haikuuliza anayeibiwa ana kiasi gani, na ya nane haikumruhusu mtu kusema uongo kwa kuwa yuko ugenini. Tena deni lile halilipwi na yeye aliyekimbia. Hulipwa na mjane atakayekuja mwezi ujao kutoka Beni na watoto wake, apige hodi kwenye mlango ule ule, ajibiwe kwamba nyumba hii haipokei tena Wakongo.

Kushindwa kulipa si dhambi ikiwa mtu ameugua au amekosa kazi. Aende kwa mwenye nyumba kabla ya siku yenyewe, aseme, aombe muda, alete alichonacho. Wako wenye nyumba wagumu. Lakini wengi hukasirishwa zaidi na kufichwa kuliko kucheleweshwa.

Sasa habari hii inarudi nyumbani, kwa maana si wakatekumeni wote watakaovuka mpaka wa Kasindi, ila karibu wote wamekwisha kuona mgeni akitafuta nyumba. Kutoka Beni hadi Butembo ni kama kilomita 54. Miaka kumi na zaidi njia hiyo imepitwa na watu wenye godoro kichwani na kuku mkononi, waliokimbia vijiji vyao. Kisha kwa upande wa kusini, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Juni 2024, watu wengine wakapanda kuelekea Lubero na Butembo. Mtu wa namna hiyo ni mgeni mjini hata kama anasema Kinande kile kile. Naye ahitaji chumba. Akiambiwa bei ya dola, na garanti ya miezi kadhaa mbele, yeye aliyeacha mashamba yake ya kakao bila kuvuna, atatoa wapi?

Kupangisha nyumba si dhambi. Mwenye nyumba ametumia matofali na mabati, naye ana watoto shuleni. Lakini yule anayepandisha bei usiku ule ule anaposikia kwamba kijiji fulani kimechomwa, huyo auza hofu ya jirani yake. Katekisimu hufundisha kwamba ziko dhambi zinazolilia mbinguni, na kati ya vilio hivyo mna kilio cha mgeni, cha mjane na cha yatima. Wakati wa Sheria ya Musa Mungu alimkataza hata mkopeshaji asiingie katika nyumba ya mdeni wake kuchukua rehani. Asimame nje, mpaka mdeni mwenyewe amletee. Na ikiwa rehani ni nguo ya maskini, airudishe jua likishuka, apate kujifunika usiku. Sheria hiyo yamtazama vema mwenye nyumba anayeng'oa mlango wa mpangaji wake kwa sababu ya deni, mtoto akalala katika upepo.

Wanaosikiliza Injili ya Noeli mara nyingi humchukia mtu wa Betlehemu aliyekosa nafasi kwa Yosefu na Maria. Mwinjili Luka hakumlaumu, hata hakumtaja. Alisema tu kwamba nafasi haikuwapo. Lakini neno la Kigiriki alilolitumia kwa mahali pale, alilitumia mara moja tena katika Injili yake, kwa chumba ambamo Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake usiku wa mwisho. Chumba hicho nacho kilikuwa cha mtu mwingine. Bwana aliwatuma wanafunzi kukiuliza kwa mwenyewe.

Mkatekumeni anayesafiri asisahau barua ya katekista na ya paroko wake, inayosema yuko hatua gani ya mafundisho. Mwenyekiti wa mtaa kule Kampala humwuliza mgeni barua ya utambulisho, na Wakristu wa kwanza nao walifanya hivyo: Paulo alimtambulisha Febe, mwanamke aliyehudumu katika Kanisa la Kenkrea, kwa waamini wa Roma, akiwasihi wampokee na kumsaidia katika lolote atakalohitaji. Mtu aliye na barua hubisha hodi parokiani juma la kwanza. Asiye nayo huahirisha, na aliyeahirisha mwaka mzima huona haya kuanza.

Naye aliyepata chumba hajui bado kitakuwa nini. Akila na mkewe Prisila, mafundi wa kushona hema, walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, yapata mwaka 49. Walifika Korintho, mji wasio na jamaa ndani yake. Huko walipata mahali, na Paulo alipopita akitafuta kazi na malazi, wao waliokuwa wageni jana wakamkaribisha. Baadaye walihamia Efeso, na waamini wakakusanyika nyumbani mwao. Klaudio alipokufa walirudi Roma, wakatafuta nyumba tena. Na Paulo alipowaandikia Warumi aliwatuma wawasalimu Prisila na Akila, pamoja na Kanisa lililokuwa likikutana nyumbani kwao.