Maiti Mnamchangia, Mgonjwa Mnamhesabia Siku

Sikieni, wafanyakazi wa Free Area, nyinyi mnaojaa kituoni kabla ya kupambazuka mkingoja gari la kiwanda na la shamba la maua. Mwenzenu akifa mnajua kuchanga. Jua halijatua, kamati imeundwa, kundi la WhatsApp limefunguliwa, na kila jioni orodha inatumwa, jina na kiasi, jina na kiasi. Lakini alipokuwa angali hai, mlimpa nini?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamhakikishia mgonjwa siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, mwaka mzima, tena kwa barua ya daktari. Anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki huzimaliza zote kabla ya miezi miwili kwisha. Ni aibu ya sheria hiyo, nami siwalaumu nyinyi kwayo.

Ninawalaumu kwa haya. Anaporudi kazini mnamwona: plasta ya dripu ingali mkononi, amekalia ndoo nyuma ya mashine, akisikia hatua za msimamizi anainuka haraka na kuyumba. Mkasema anajifanya. Mkazihesabu siku zake kuliko ofisi ilivyozihesabu, na asipofika mkagombania ovataimu yake.

Na nyinyi wazima sheria hiyo hiyo imewapa angalau siku 21 za likizo kila mwaka! Wengine mnaziacha mpaka zinapotea. Wengine mnaomba kulipwa pesa badala yake, mpate ya Desemba. Ole wenu mnaoacha siku zioze na huku mwenzenu anafia kazini.

Mtasema sheria yetu haikutaja kumgawia mtu likizo. Msijifiche hapo. Mwaka 2009, huko Saint-Galmier nchini Ufaransa, wafanyakazi wa kiwanda cha maji ya Badoit walimchangia mwenzao, Christophe Germain, siku 170 akae na mwanawe Mathys aliyekuwa na saratani. Mtoto alifariki mwaka uo huo, baba yake akiwa amepata nafasi ya kuwa naye. Hawakungoja bunge, bunge ndilo lililowafuata, sheria ikatoka Mei 2014.

Nanyi mna vyama. Katiba, kifungu cha 41, inawapa haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Mnadai posho ya nyumba, na mna haki. Mbona hamdai mfuko wa siku, kila mtu aweke mbili, na kamati mnayoijua sana kuunda wakati wa msiba ndiyo iusimamie? Mwajiri siku hizo ni deni lake tayari, atapungukiwa nini?

Katika idara yako yupo sasa hivi mgonjwa aliyebakiza siku tatu za ugonjwa. Jina lake unalijua. Wachukue wenzako watano, mwende ofisini leo kabla ya zamu kwisha, mseme mnataka akatiwe zenu.